Mia Moja Kwenye Geji ya Joto

Meneja wa kituo cha kutotolesha vifaranga alilitamka lile neno tena, na safari hii akapiga meza.

"Mia! Mama, nakwambia mia! Maji yanachemka kwa mia. Mtu anayeiambia kengele isilie mpaka joto lifike mia, anataka nini kama si kuyachemsha mayai yangu?"

Inspekta alimwacha amalize. Mama huyu alikuwa na jina lake kama watu wote, lakini katika kituo cha polisi hakuna aliyelitumia. Kuanzia mkuu wake hadi mfagizi, wote walimwita Mama Kwa Nini, na mwenyewe alishalizoea hivi kwamba ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho hageuki. Koplo wake alisimama mlangoni, kitambaa puani, maana harufu ya kile chumba cha mashine si harufu ya kusimulia.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Joto na unyevu wa chumba cha mayai huongozwa kutoka kwenye kompyuta. Kwenye skrini kuna geji mbili za duara, zimechorwa vizuri kama za dashibodi ya gari jipya: moja ya joto, moja ya unyevu. Mwendesha mitambo anauburuta mshale kwa kipanya, anaweka kikomo, na kikomo kikipitwa kengele inalia. Juzi swichi ya hita iliganda, hita ikawaka moja kwa moja, joto likapanda, na kengele ya joto ikanyamaza kama haipo. Walipokuja kushtuka, mayai ya chumba kizima yalikuwa yameiva. Kwenye skrini mshale wa kikomo ulionyesha thelathini na tisa, sawasawa kabisa. Lakini ndani ya programu, kengele yenyewe ilikuwa imeshikilia mia.

Aliyezitengeneza geji hizo ni binti mmoja wa ofisi ya programu mjini, wenzake wanamwita Mvivu. Mabadiliko ya mwisho yalitoka kwenye kompyuta yake. Na shemeji yake, mume wa dada yake, yuko mbioni kufungua kituo chake mwenyewe cha vifaranga. Meneja alipoliunganisha hilo na ile mia, akaona kesi imejimaliza. Jana Mvivu alikamatwa nyumbani kwa dada yake aliyejifungua, kichanga kiko mikononi mwake, ikabidi kwanza ampe mtu amshikie mtoto ndipo afungwe pingu. Mkuu wa kituo alitaka jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo kabla ofisi hazijafungwa. Uharibifu wa makusudi: hiyo ni jela, na akitoka huko hakuna atakayemruhusu aguse hata kikokotoo.

"Kwa nini mia?" Mama Kwa Nini aliuliza mwishowe.

"Si nimekwambia? Maji..."

"Nimesikia ya maji. Lakini yai linakufa mapema sana kabla ya mia. Angeweka hamsini ingetosha, na isingemtia mtu mashaka. Kwa nini achague namba ya kupigiwa kelele?"

Meneja alinyoosha kidole mlangoni: aulizwe aliyekuwa zamu.

Mwendesha mitambo alikuwa amekaa juu ya kreti tupu nje ya mlango, kashika tama. Alikuwa mtu mzima mwenye kope zilizoungua kidogo, na tangu juzi alikuwa hajala kitu cha maana.

"Mimi niliuweka mshale kwenye thelathini na tisa, afande. Kwa mkono huu. Haki ya Mungu, uliganda pale pale nilipouacha."

"Na kengele?"

"Ya joto haikulia hata mara moja."

Mama Kwa Nini alikwisha kugeuka aondoke, kisha akarudi. Koplo alitabasamu chini ya kitambaa; aliijua ile geuka-rudi.

"Umesema ya joto. Kwa nini hukusema kengele tu?"

Mwendesha mitambo alikuna kichwa. "Kwa sababu ile nyingine, ya unyevu, ilitupasua masikio asubuhi nzima! Inalia, naikagua, unyevu uko vizuri, kama siku zote, hamsini na kitu. Naizima, inalia tena. Mwisho nikaichomoa waya, nisikudanganye. Nilisema hii imeharibika, nitamwambia fundi mchana."

"Ilianza kulia lini?"

"Ile ile nilipomaliza kuweka kikomo cha joto."

"Ngoja. Ulipogusa geji ya joto, ikalia kengele ya unyevu?"

"Sikuliwaza hivyo, afande." Kisha akaliwaza, akainuka kwenye kreti.

Garini Koplo alikuwa na maneno ya kusema. "Huyu binti ni mjanja, afande. Kaizima ya joto, kaipigisha kelele ya unyevu ili kumchanganya mzee wa watu."

"Wewe ukitaka kuvunja duka, unampigia mlinzi filimbi?"

Koplo akaongeza mwendo.

Ofisi ya programu ilikuwa juu ya duka la magodoro: ngazi nyembamba, chumba kimoja kirefu, feni inayozunguka kwa mbinde, na meza tatu. Askari wa zamu alikuwa ameshamleta Mvivu kutoka mahabusu na kumkalisha kwenye benchi, pingu mkononi, nywele hazijachanwa. Kwenye meza ya katikati alikaa mtu ambaye wote pale, hata Meneja aliyefuata nyuma akihema, walimwita Mwalimu. Na kweli alikuwa mwalimu. Nusu ya watengeneza programu wa mji ule walipita mikononi mwake, na shati lake lilipigwa pasi hata siku ya balaa kama hii.

"Karibu, Inspekta," alisema, akasimama. "Ni aibu kubwa kwa nyumba yangu. Nilimwonya huyu binti kuhusu ule mtambo wake."

"Mtambo gani?"

"Anauita Karani. Unamwandikia programu yeye akiwa amekunja mikono. Mimi siwezi kukuapia kitu ambacho hakikuandikwa na binadamu."

"Nani mwingine hugusa kompyuta yake?"

"Hapa kila mtu ana meza yake," Mwalimu alijibu, akaketi.

Mama Kwa Nini aliliona jibu lile halikukaa juu ya swali, lakini aliliweka pembeni. Alimfungua Mvivu pingu moja, akamsogezea kiti kwenye kompyuta yake ya dirishani.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako. Geji inatengenezwaje?"

Mvivu alikishika kipanya kwanza, ndipo akaanza.

"Geji ni kidude tunachokibuni wenyewe, hakiji na kompyuta. Kwa hiyo kila kitu chake lazima tukitambulishe kwa mfumo: mshale, rangi, kikomo. Na utambulisho una mambo manne. Jina langu fulani. Mimi ni wa fulani. Naanzia namba fulani. Nikibadilika, mwambie fulani. Ukikosea fulani mmoja, mfumo haukuambii kitu. Unakubali tu."

"Na geji moja ina vitu vingapi vya kutambulishwa?"

"Vingi, afande. Na kila kimoja ni kifungu kizima, maneno ni yale yale, hao fulani tu ndio wanabadilika. Unaandika kutwa nzima, na jioni ukiulizwa umefanya nini, unasema nimetambulisha. Mimi nilichoka. Ndiyo maana wananiita Mvivu."

"Ukafanyaje?"

"Nikatengeneza Karani. Sasa mimi naandika mstari mmoja, hiki ni kikomo, na juu yake naweka alama. Karani akiiona alama, anaandika kifungu chote. Jina analichukua pale pale kwenye mstari. Mwenyewe ni geji ya faili lile lile. Ya kumwambia ni kengele ya jina la geji hiyo hiyo. Hakuna pa kukosea kwa sababu hakuna kinachoandikwa mara mbili."

Alifungua faili la geji ya unyevu, ambalo Mwalimu alikuwa ameliandika zamani kwa mkono. Liliteremka, likateremka, mpaka Koplo akauliza kama lina mwisho. Kisha akafungua geji yake ya joto. Ilienea yote kwenye skrini moja: mstari na alama, mstari na alama, hata mtu asiyejua kitu angeweza kutazama na kusema hii rangi, huu mshale.

"Jamani!" alisema Mama Kwa Nini, na hakujizuia. Mama yake mzazi alikuwa fundi cherehani. Alikaa miaka akiwakatia watoto wa shule sare moja baada ya nyingine, na alipopata kipande cha kadibodi cha kukatia ruwaza alicheka kama kapewa zawadi. "Huu si uvivu, binti. Hii ni akili iliyokataa kudharauliwa."

Mvivu hakusikia sifa. Alikuwa ameinama karibu na kioo. Katikati ya mistari yake misafi palikuwa na bonge la kifungu kirefu, kimekaa pale kama sofa kwenye chumba cha watoto.

"Hii siyo yangu," alinong'ona. "Afande, kikomo hiki hakina alama. Hiki kimeandikwa kwa mkono."

"Kila mshitakiwa husema siyo yangu," alidakia Meneja.

"Kweli," alisema Mama Kwa Nini. "Nisomee hao fulani wanne."

"Jina: kikomo cha juu. Sawa. Ni wa: geji ya joto. Sawa. Kinaanzia..." Mvivu alisita. "Mia. Kikibadilika, mwambie... kengele ya unyevu."

Mama Kwa Nini alivuta kiti akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

"Koplo, unaikumbuka kesi ya baiskeli?"

Koplo aliinamisha kichwa. "Afande, ile tulishaimaliza."

"Huyu bwana," Mama Kwa Nini aliwaambia wengine, "alipewa aandike maelezo ya shahidi wa wizi wa baiskeli. Ili asihangaike, akachukua maelezo ya kesi ya ng'ombe, akakopi, akabadilisha jina la shahidi, akabadilisha jina la mtuhumiwa, akaitwa kula, mengine akayaacha. Hakimu akasoma mbele ya watu kwamba baiskeli ilikutwa zizini ikila majani. Kesi ikafa siku ile ile."

Hata Meneja alicheka.

"Sasa nisikilizeni. Meneja anasema mia ni ya maji kuchemka. Mimi nauliza, kuna nini kwenye chumba kile kinachopimwa kwa mia? Unyevu. Unyevu ni asilimia, mwisho wake mia, na hakuna wa kuishangaa. Mia hii haikuwekwa na mtu mwenye nia mbaya. Ilisahaulika pale, kama ng'ombe wa Koplo. Kifungu hiki kilikopiwa kutoka kwenye geji ya unyevu. Jina likabadilishwa, mwenyewe akabadilishwa, wawili wa mwisho wakabaki. Kwa hiyo mzee wa watu alipoweka thelathini na tisa kwenye joto, namba ikapelekwa kwa kengele ya unyevu, na ya joto ikabaki na mia yake ya mwanzo. Unyevu uko hamsini na kitu, kikomo thelathini na tisa: ilie isilie? Ililia asubuhi nzima ikisema kuna kosa, na hakuna aliyeielewa. Mwovu hapigi kengele, Meneja. Hili ni kosa, si hila."

"Kosa au hila, ni kompyuta yake," alisema Meneja, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Na kosa la kutojali pia lina kifungu chake cha sheria," Mama Kwa Nini alikubali. "Bado namtaka mwenyewe aliyeandika." Akageuka. "Mwalimu, nisaidie. Nimeona Mvivu anavyofanya. Sijaona wewe. Tuseme kituo kinataka geji ya joto ya chumba cha pili. Iandikie kikomo cha juu, kwa njia yako."

"Kwa furaha," alisema Mwalimu. Alikunja mikono ya shati, akavuta kibodi yake.

Na ilikuwa raha kumtazama, tusimnyime haki yake. Vidole vyake havikutafuta herufi, vilizijua. Alifungua geji ya unyevu. "Huwa naanzia hapa," alisema, "ndiyo niliyoiandika mwanzo, naiamini." Akakopi kifungu, akakipesti kwenye faili jipya, akaanza kukitengeneza kutoka juu bila haraka. Jina, akabadilisha. Mwenyewe, akabadilisha.

"Kwa nini hutumii Karani?" aliuliza Mama Kwa Nini.

Mkono wa Mwalimu ulisimama. Aliondoa macho kwenye kioo.

"Kwa sababu mkono wangu naujua, Inspekta. Nimeandika vifungu kama hivi tangu huyu binti hajaanza shule. Kompyuta zilikuwa kubwa kama kabati, na tukiandika tulihesabu kila herufi. Nimemfundisha mimi, neno kwa neno. Leo ananiambia kazi yangu yote ya ujana ni mstari mmoja na alama?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mtu ana heshima yake."

"Nimekuelewa. Endelea, tafadhali."

Mwalimu alirudi kwenye kioo. Alikitazama kifungu, akaona jina ni sahihi, mwenyewe ni sahihi, akakihifadhi. "Tayari."

Mvivu alikuwa ameshaona. Aliziba mdomo kwa mkono wenye pingu. Mama Kwa Nini aliinuka polepole, akaweka kidole kwenye kioo, chini ya mstari wa tatu.

"Kinaanzia ngapi, Mwalimu?"

Mwalimu alisogeza miwani.

"Mia," alisema. Kisha macho yake yakateremka yenyewe kwenye mstari wa nne, yakasoma, akavua miwani.

Alipoongea hakumtazama Inspekta, alimtazama Meneja.

"Ulikuwa unapiga simu. Unakumbuka? Ulitaka kikomo siku hiyo hiyo. Binti alikuwa ameshaondoka kwenda kwa dada yake. Nikaenda kwenye meza yake, sikujua pa kuweka hiyo alama yake, na kumpigia mwanafunzi wangu nimuulize sikuweza. Nikaandika kwa mkono. Simu ikalia, ni wewe, unaniuliza bado? Nikakujibu tayari."

"Mimi?" Meneja alijishika kifua.

"Wewe. Lakini simu haikuandika programu. Niliandika mimi."

Mvivu alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nimelala mahabusu, Mwalimu! Dada yangu ana mtoto mchanga, analia kutwa nzima, anadhani mumewe ndiye kaniponza. Na wewe umekaa hapa na shati lako la pasi!"

"Nilidhani ni Karani." Alilisema kwa sauti ndogo. "Ulishaniambia anapita kwenye mafaili yote. Nikajiambia amekitafuna kifungu changu. Nilikula kiapo moyoni kwamba mkono wangu haukosei, na sikufungua faili kuangalia. Sikufungua kwa sababu niliogopa. Binti, nimekukosea, na sina la kujitetea."

Mama Kwa Nini aliitoa ile pingu ya pili. Alimwambia Koplo aandike maelezo mapya ya Mwalimu, kutoka kwenye karatasi tupu, na Koplo akaitikia upesi mno. Yaliyobaki, swichi iliyoganda na kosa la mkono, yangekwenda mbele kama yalivyo. Lakini neno makusudi lilikuwa limetoka kwenye jalada, na Meneja mwenyewe ndiye aliyelikata kwa kalamu yake.

Mvivu alijipangusa macho, akainua kiti, akaketi dirishani. Alilifuta lile bonge. Mahali pake akaandika mstari mmoja na alama juu yake, akamwita Karani. Akauburuta mshale wa joto hadi thelathini na tisa. Kengele ya joto ikasoma thelathini na tisa. Ya unyevu haikuguswa.

Alikuwa anainuka aondoke zake kwa dada yake pale Mwalimu alipotoka mezani kwake. Alikuja polepole, akasimama nyuma ya kiti cha mwanafunzi wake kama wanafunzi walivyozoea kusimama nyuma ya chake.

"Alama," alisema. "Inawekwa wapi?"

Mvivu hakugeuka. Meneja alikohoa, Mama Kwa Nini akamkanyaga mguu. Kisha binti akasogea pembeni, akampisha kiti.

"Hapo juu, Mwalimu. Andika mara moja tu. Halafu kunja mikono."

Mwalimu aliandika. Akakunja mikono kifuani, vidole vikitafuta cha kufanya bila kukipata, na mbele ya macho yake Karani akaandika kifungu kizima, jina, mwenyewe, namba na kengele, maneno yale yale ambayo yeye mwenyewe alimfundisha huyu binti, wote wanne mahali pao.